Mshale Usioiona Lithiamu: Uhakiki wa Maelezo ya Kiada kuhusu Mmenyuko wa Vitendanishi vya Oganolithiamu na Kampaundi za Kabonili

Utangulizi

Katika vitabu vya kiada vya kemia ogania, mmenyuko wa kitendanishi cha oganolithiamu na kampaundi ya kabonili huchorwa kwa mishale miwili. Mshale wa kwanza hutoka kwenye kifungo cha kaboni na lithiamu, au moja kwa moja kwenye kaboni iliyopewa alama ya chaji hasi, na kuishia kwenye kaboni ya kabonili. Wa pili hutoka kwenye kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni na kuishia juu ya oksijeni. Lithiamu haina mshale wake. Huonekana mwishoni tu, ikiwa imeandikwa pembeni mwa oksijeni kama ioni iliyokuja kusawazisha chaji, kisha maji yanaongezwa na haitajwi tena.

Uhakiki huu unauchunguza mchoro huo. Hoja yake ni kwamba mchoro unatabiri zao kwa usahihi katika mifano ambayo tangu mwanzo imechaguliwa kwa sababu inatabirika, lakini unaificha atomi ambayo mara nyingi ndiyo inayoamua iwapo mmenyuko utatokea, utatokea kwenye kaboni ipi, na kati ya molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto ni ipi itakayopatikana. Athari ya ufichaji huo haiishii kwenye karatasi ya mtihani. Kama itakavyoonyeshwa, dawa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya tiba ya kwanza ya virusi vya UKIMWI ilitengenezwa kwa mmenyuko wa aina hii hii, na mchoro wa mishale miwili hauwezi kueleza kwa nini utengenezaji huo ulifanikiwa.

Kile ambacho mchoro unakipata

Ni haki kuanza na sifa zake. Katika kipimo cha Pauling, mvuto wa kaboni kwa elektroni ni 2.55 na wa lithiamu ni 0.98. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya kaboni na magnesi, ambayo mvuto wake ni 1.31, na kwa hiyo vitendanishi vya oganolithiamu kwa kawaida ni vikali kuliko vile vya Grignard. Kaboni iliyofungamana na lithiamu ina elektroni nyingi. Kaboni ya kabonili ina upungufu. Mwanafunzi anayelijua hilo anatabiri bila kukosea kwamba methanali itatoa alkoholi ya daraja la kwanza, aldehaidi nyingine zitatoa alkoholi ya daraja la pili, na ketoni itatoa alkoholi ya daraja la tatu. Kwa benzaldehaidi na butililithiamu, utabiri huo unatosha. Hakuna sababu ya kuudharau.

Tatizo linaanzia kwenye neno "kabanioni", ambalo vitabu hulitumia kana kwamba ndani ya chupa kuna ioni huru ya kaboni inayosubiri kabonili. Ioni hiyo haimo.

Kilichomo ndani ya chupa

Wilhelm Schlenk na Johanna Holtz walitangaza kampaundi za kwanza za oganolithiamu mwaka 1917, wakizitengeneza kwa kubadilishana na kampaundi za zebaki. Karl Ziegler na Herbert Colonius walionyesha mwaka 1930 kwamba zinaweza kupatikana moja kwa moja kutoka kwenye halidi na metali ya lithiamu, na kuanzia hapo zikawa vitendanishi vya kawaida vya maabara. Muundo wake ulieleweka baadaye sana. Butililithiamu iliyoyeyushwa katika heksani haipo kama molekuli moja moja; molekuli sita hujikusanya na kuwa kitu kimoja, ambacho katika uhakiki huu kitaitwa kishada. Katika etha, vishada vya sita huvunjika na kuwa vya nne. Butililithiamu yenye kaboni ya daraja la tatu, kwa kuwa matawi yake yanabanana, hukaa katika vishada vya nne hata ndani ya heksani. Katika kishada cha nne, atomi nne za lithiamu na kaboni nne hukaa kwenye pembe za mchemraba uliopindika, na kila kaboni hugusa lithiamu tatu kwa pamoja. Kifungo kimoja kati ya kaboni moja na lithiamu moja, kile kinachochorwa vitabuni, hakionekani popote katika umbo hilo.

Mtu anaweza kujibu kwamba umbo la kitendanishi kabla ya mmenyuko ni jambo la pembeni, kwa sababu huenda vishada vyote huvunjika kwanza na molekuli moja moja ndiyo inayomenyuka. Jibu hilo lilipimwa. Mwaka 1985, McGarrity na Ogle pamoja na wenzao waliidunga benzaldehaidi ndani ya myeyusho wa butililithiamu katika tetrahaidrofurani, wakati myeyusho huo ukiwa tayari ndani ya sumaku ya chombo cha mwangwi wa viini na ukiwa umepozwa sana. Katika hali hiyo butililithiamu huwa katika vishada vya nne na vya mbili vinavyobadilishana, na kila aina hutoa ishara yake. Waliona kishada cha mbili kikimenyuka na benzaldehaidi kwa kasi ya takriban mara kumi kuliko kishada cha nne. Cha kuzingatia zaidi ni kwamba cha nne nacho kilimenyuka. Aidha, alkoksidi iliyozaliwa haikuondoka. Iliingia katika vishada vilivyobaki na kuvigeuza kuwa vishada mseto. Maana yake ni kwamba kitendanishi kinachomenyuka mwanzoni mwa jaribio sicho kinachomenyuka katikati, ingawa chupa ni ile ile na lebo ni ile ile. Mchoro wa mishale miwili hauna mahali pa kuliandika jambo hili.

Lithiamu kwenye oksijeni

Lithiamu ni asidi kwa maana ya Lewis: ni ndogo, ina chaji chanya iliyokolea, na inaitafuta oksijeni. Kabla kaboni haijahama, oksijeni ya kabonili hushikwa na lithiamu, na kwa kushikwa huko kaboni ya kabonili huzidi kupungukiwa elektroni. Kwa lugha ya Kiswahili inafaa kusema kwamba vitu viwili hushikana kwanza kisha hupokezana. Kitenzi kilichozoeleka katika mihadhara, "kushambulia", kimefuata istilahi za kigeni. Kinaifanya kabonili kuwa kitu kilicholala kikisubiri kupigwa, na kinaiacha lithiamu nje ya sentensi kabisa. Mnyambuliko wa kutendana ungekuwa sahihi zaidi kikemia, na ni jambo la kushangaza kwamba haujatumiwa katika lugha iliyo na utajiri wa minyambuliko hiyo.

Ushahidi wa kushikana huko unapatikana kwa kuiondoa lithiamu. Katika mmenyuko wa jirani, ule wa kupunguza ketoni kwa haidraidi ya lithiamu na alumini, imeonyeshwa kwamba kuongeza kriptandi, yaani molekuli yenye uwazi unaoimeza ioni ya lithiamu, huzuia mmenyuko. Haidraidi imebaki, ketoni imebaki, ila lithiamu imefichwa, na kazi imesimama. Kwa oganolithiamu zenyewe, mfano ulio wazi zaidi ni wa dithiani, kampaundi ambazo Corey na Seebach waliziingiza katika usanisi mwaka 1965. Dithiani yenye lithiamu ikikutana na sikloheksenoni katika tetrahaidrofurani kwenye baridi kali, kaboni huenda kwenye kabonili. Ukiongezwa heksamethilifosforamidi, kiyeyushi kinachoishika lithiamu kwa nguvu na kuitenga na kaboni, kaboni hiyo hiyo huacha kabonili na kwenda kwenye ncha ya mbali ya kifungo maradufu. Kaboni haikubadilishwa, enoni haikubadilishwa. Kilichobadilika ni mahali ilipo lithiamu: ikiwa karibu na kaboni, huisindikiza hadi kwenye oksijeni, ikitengwa, kaboni hufuata njia nyingine.

Ni lazima kuongeza kwamba mfano huu unahusu kaboni ambazo chaji yake hasi imetulizwa na atomi za jirani, hapa salfa mbili. Hauhamishiki kirahisi kwa methililithiamu, ambayo kifungo chake na lithiamu hakitengani kwa urahisi huo. Baadhi ya maandishi ya kufundishia huutaja bila angalizo hili, na hivyo kulirekebisha kosa moja kwa kuzalisha jingine.

Ketoni zinazokataa, na esta zinazozidisha

Kwa mujibu wa mchoro wa kawaida, ketoni yoyote ingepaswa kutoa alkoholi ya daraja la tatu. Katika maabara sivyo. Kitendanishi cha Grignard chenye isopropili kikikutana na ketoni yenye isopropili mbili, haidrojeni huhama au protoni hunyakuliwa, na zao linalotarajiwa karibu halipatikani. Isopropililithiamu, kwa ketoni hiyo hiyo, huingia. Hata ketoni iliyozingirwa na matawi mawili ya butili ya daraja la tatu hupokea tawi la tatu la aina hiyo kutoka kwenye lithiamu. Vitabu huliandika hili kama ushahidi wa "ukali" wa oganolithiamu, kisha huendelea. Ukali peke yake haujibu swali, kwa sababu besi kali zaidi ingetarajiwa kunyakua protoni zaidi. Udogo wa lithiamu, nafasi yake kwenye oksijeni na jinsi kishada kinavyofunguka ndivyo vinavyopaswa kuulizwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni ketoni zenye protoni nyepesi kutoka, kama beta-tetraloni, ambazo oganolithiamu huzigeuza kuwa enoleti na kuzirudisha zilivyokuwa baada ya maji kuongezwa. Mwanafunzi hupata alichoweka. Katika miaka ya 1980 Tsuneo Imamoto na wenzake walionyesha kwamba kuichanganya kwanza oganolithiamu na kloridi ya seriamu iliyokaushwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya shida hiyo, kwa kuwa kitendanishi kinachopatikana bado kinaipenda kabonili lakini ni besi dhaifu. Hapa pia, metali iliyobadilishwa ndiyo iliyobadilisha hatima ya kaboni.

Kwa esta, maelezo ya kiada ni mazuri kiasi: ketoni huzaliwa ndani ya chupa ikiwa kitendanishi bado kipo, na kwa kuwa ketoni humenyuka haraka kuliko esta, alkoholi ndiyo inayopatikana. Lakini swali la kuvutia ni kwa nini asidi ya kaboksili, ambayo ingetarajiwa kuwa mbaya zaidi, hutoa ketoni safi. Gilman na Van Ess waliliona hili mwaka 1933. Sehemu ya kwanza ya oganolithiamu huichukua protoni. Sehemu ya pili huingia kwenye kaboksileti, na kinachopatikana ni kaboni iliyobeba oksijeni mbili, kila moja ikiwa na lithiamu. Hakuna oksijeni iliyo tayari kuondoka, kwa hiyo kitu hicho hukaa kimya mpaka maji yatakapokuja. Nahm na Weinreb, mwaka 1981, walilifikia lengo hilo hilo kwa njia ya amidi yenye methoksi juu ya naitrojeni: lithiamu hushikwa kati ya oksijeni mbili katika pete ya atomi tano, na pete hiyo haivunjiki kwenye baridi. Katika njia zote mbili ketoni inalindwa kwa kutokuwepo bado. Njia hizi hufundishwa kwa kawaida katika sura tofauti, kama mbinu mbili za kukariri, ilhali lithiamu ndiyo inayoziunganisha.

Kuna jambo la kimatendo linalofuata hapa na ambalo miongozo ya maabara huliandika bila sababu. Mmenyuko wa asidi ya kaboksili na oganolithiamu unapomalizwa, mchanganyiko humiminwa ndani ya maji yenye asidi yanayokorogwa kwa nguvu. Maji hayamiminwi taratibu ndani ya mchanganyiko. Kama maji yataingia tone kwa tone, ketoni ya kwanza kuzaliwa itakutana na oganolithiamu iliyosalia na kugeuka alkoholi. Mwanafunzi aliyefundishwa mishale miwili tu hana njia ya kujua kwa nini mpangilio wa kumimina ubadilishe zao.

Efavirenzi

Efavirenzi iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 iliwekwa pamoja na tenofovi na lamivudini (au emtrisitabini) kama tiba ya kwanza iliyopendekezwa kwa watu wazima, na kidonge kimoja chenye dawa tatu kikawa cha kawaida katika kliniki za Afrika Mashariki hadi dolutegraviri ilipochukua nafasi yake kuelekea mwisho wa muongo huo. Molekuli yake ina kaboni moja yenye mkono: kaboni hiyo imebeba kundi la trifluoromethili na asetilini yenye sikloropropili, na dawa ni ule mkono mmoja tu, unaoitwa S.

Kaboni hiyo iliundwa, katika njia iliyobuniwa na wanakemia wa Merck, kwa kuiongeza asetilidi ya lithiamu kwenye ketoni yenye trifluoromethili. Kwa mchoro wa kiada, ketoni ni bapa, asetilidi inaweza kuja kutoka juu au kutoka chini, na nusu kwa nusu ndiyo matokeo yanayotarajiwa. Wanakemia hao waliongeza alkoksidi ya lithiamu iliyotokana na molekuli ya jamii ya efedrini, yenye mkono mmoja, na wakapata zaidi ya asilimia 95 ya ziada ya mkono uliotakiwa. Masharti yalikuwa ya ajabu. Ketoni moja ilihitaji asetilidi mbili na alkoksidi mbili. Asetilidi na alkoksidi zilipochanganywa kwenye baridi kali na ketoni kuongezwa papo hapo, uteuzi ulishuka. Zilipoachwa kwanza zipate joto kiasi na kisha zikapozwa tena kabla ya ketoni kuingia, uteuzi ulirudi.

Maelezo yalichapishwa mwaka 1998 na watafiti wa Merck pamoja na David Collum wa Chuo Kikuu cha Cornell. Kwa mwangwi wa viini walionyesha kwamba asetilidi mbili na alkoksidi mbili huungana na kuwa kishada kimoja cha lithiamu nne, mchemraba ambao pembe zake zimegawanwa kati ya lithiamu, kaboni za asetilidi na oksijeni za alkoksidi. Ndani ya mchemraba huo mkono wa alkoksidi huamua ketoni ikae vipi. Kishada hicho hakijiundi haraka kwenye baridi kali. Kinahitaji joto ili vishada vya awali vivunjike na kupangika upya, na baada ya hapo baridi humzuia kila mmoja asitoke mahali pake. Uwiano wa mbili kwa mbili na tabia ya kupasha kisha kupoza, ambavyo mwanafunzi wa mishale miwili angeviona kama ushirikina wa maabara, vinakuwa na sababu.

Mfano huu una uzito wa pekee katika uhakiki huu kwa sababu mchoro wa kawaida haukosei kidogo hapa. Unakosea kuhusu kitu chenyewe kinachotafutwa. Unataja vifungo vyote vilivyovunjika na vilivyoundwa, na hauna neno lolote kuhusu mkono.

Mipaka ya hoja

Pingamizi la kwanza ni la kialimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kubebeshwa vishada, na mchoro rahisi ni ngazi ya kupandia. Pingamizi hili lina nguvu, na uhakiki huu haudai mchoro uondolewe. Unachodai ni mshale wa tatu, kutoka oksijeni kwenda kwenye lithiamu, ambao haugharimu ukurasa wala hesabu, na unaoweka lithiamu mahali ambapo maswali ya baadaye yatalikuta limekaa jibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linaelekezwa kwa wale wanaovishabikia vishada. Kishada kilichopo kwa wingi si lazima kiwe ndicho kinachomenyuka. Umbo linaloonekana katika fuwele kwa eksirei ni umbo lililokubali kuganda. Lililo adimu na lenye haraka linaweza kufanya kazi yote bila kuonekana. Matokeo ya mwaka 1985 yana thamani kwa sababu yalipima kasi, si kwa sababu yalichora mchemraba. Mwandishi anayebadilisha kabanioni kwa mchemraba bila kupima kasi amebadilisha picha tu.

Tatu, zipo kabonili ambazo hata mshale wa tatu hauzitoshi. Benzofenoni na ketoni nyingine zenye pete za benzini zinaweza kupokea elektroni moja kutoka kwa kitendanishi kabla ya kifungo kuundwa, na katika baadhi ya mifano alama za radikali zimeonekana. Mshale wenye ncha kamili unadai elektroni mbili zihame pamoja, na dai hilo linahitaji ushahidi kwa kila jozi ya vitendanishi.

Kwa upande wa upimaji, swali linaloulizwa mara nyingi katika mitihani ni: "Andika zao la mmenyuko wa butililithiamu na sikloheksanoni." Swali hilo hujibiwa kwa kukariri. Swali linalopima uelewa wa kemia iliyojadiliwa hapa lingempa mtahiniwa asidi ya kaboksili, sehemu mbili za methililithiamu na chupa mbili za kumalizia kazi, moja ikimiminiwa maji tone kwa tone na nyingine ikimiminwa yote ndani ya maji yenye asidi, kisha limtake aeleze kitakachopatikana katika kila chupa iwapo methililithiamu ilizidi kidogo, na achore lithiamu zote zilipo kabla ya tone la kwanza.